Aliyekombolewa Akatumwa Mbali



Bwana wetu Yesu Kristu alipowatuma mitume wake mara ya kwanza, aliwapa kazi mbili pamoja: kuutangaza ufalme wa Mungu na kuwaponya wagonjwa. Tena akawaonya ya kuwa uwezo ule hawakuununua kwa mali yao, kwa hiyo wasije wakauuza. Walipewa bila malipo. Nao watoe bila malipo. Habari hiyo imeandikwa katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 10.

Agizo hilo ni jepesi kulikariri, lakini ni zito kulichukua. Kila mwaka, masomo yanapoanza, wazazi hutuuliza sisi walimu wa shule ya misioni: “Mwalimu, mtoto huyu akisha kujua kusoma, atatuletea nini?” Swali hilo si baya. Mzazi aliyeuza mbuzi wake wawili ili apate karo ana haki ya kutumaini. Lakini liko swali la pili, nalo watu wachache huliuliza: “Mtoto huyu akisha kujua, atawapelekea wengine nini?”

Leo nataka kuwasimulia habari za mwanafunzi mmoja aliyelijibu swali hilo la pili kwa maisha yake yote. Hakuwa padri, wala hakuwa Mzungu. Alikuwa Mwafrika, katekista na mganga wa dawa za hospitali, mwenye mke na nyumba yake. Jina lake Adrian Atiman.

MTOTO ALIYEUZWA

Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 katika nchi za mto Niger, upande wa Timbuktu, mbali sana na Kongo yetu. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa ingali ikiiharibu Afrika. Huku kwetu misafara ilitoka Manyema, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Ujiji na kushika njia ndefu ya kwenda bahari. Kule kwao misafara ilikata jangwa la Sahara kwenda kaskazini. Wazee wetu walisimuliwa na wazee wao habari za vijiji vilivyochomwa moto usiku, na za akina mama waliofungwa kamba shingoni. Basi, mambo hayohayo yalimpata Atiman angali mtoto mdogo. Alikamatwa, akavushwa jangwa, akauzwa kama mbuzi auzwavyo sokoni.

Siku zile Askofu Mkuu wa mji wa Alger, Lavigerie, alikuwa amekwisha kuanzisha shirika la Mapadri Weupe, mwaka 1868. Mapadri hao walikuwa wakiwakomboa watoto wa namna hiyo. Walitoa fedha, wakampata Atiman; si ili awe mtumwa wao, bali ili awe mtu huru. Wakamtia shuleni, wakamfundisha dini, naye akabatizwa.

Hapa tusimame kidogo, kwa maana mtu mwenye akili aweza kuuliza: “Mtoto aliyekombolewa kwa fedha aweza kweli kuchagua dini kwa moyo wake? Je, hakubatizwa kwa kulipa deni?” Ni swali la haki, wala tusilikimbie. Kanisa linafundisha ya kuwa hakuna awezaye kubatizwa kwa nguvu. Imani ni jibu la mtu huru kwa Mungu anayemwita. Anayebatizwa ili apate kazi, au nguo, au nafasi ya shule, au ili kumpendeza bwana wake, huyo hajajibu bado.

Kwa sababu hiyo Lavigerie aliwaagiza mapadri wake wasiharakishe ubatizo. Alitaka watu wazima wafundishwe na kujaribiwa muda wa miaka minne. Najua wako miongoni mwenu wanaonung’unika njiani: “Mwalimu, mbona safari yetu ni ndefu? Sala tunazijua, amri tunazijua, tunangoja nini tena?” Ndugu, miaka hiyo haikuwekwa ili kuwatesa. Iliwekwa ili kila mmoja wenu awe na mlango ulio wazi nyuma yake. Anayetaka kurudi kwenye mambo yake ya zamani, aweza kurudi. Anayebaki, na abaki kwa kuwa amependa mwenyewe. Hivyo siku ya ubatizo atakaposema “Nasadiki”, neno lile litakuwa lake.

Tena kumbukeni: sisi sote tumekombolewa. Mwana wa Mungu alitulipia kwa damu yake msalabani. Na alipokwisha kulipa, hakutufunga kamba nyingine. Alituita rafiki zake.

KISIWA CHA MALTA

Mwaka 1881 Lavigerie alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, kilicho katikati ya bahari, kusini ya Italia. Akawapeleka huko vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, ili wajifunze utabibu. Atiman alikuwa mmoja wao.

Lavigerie alikuwa na mawazo mawili. Wazo la kwanza: Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe. Mgeni atatengeneza njia, lakini wenye nchi ndio watakaojenga nyumba. Wazo la pili: mganga huingia mahali ambapo mhubiri hufungiwa mlango. Mtu mwenye afya humwambia katekista, “Njoo kesho.” Lakini mama ambaye mtoto wake anatetemeka kwa homa usiku wa manane hamwambii mganga aje kesho. Kwa hiyo vijana wale wangekuwa makatekista na waganga pamoja. Wangeoa, wangelima, wangekaa katikati ya watu. Lavigerie hakutaka wageuzwe kuwa Wazungu weusi. Aliwataka wabaki Waafrika katika mwenendo wao, ili watu wa vijijini wasiwaogope.

Katika Maandiko Matakatifu mtakikuta kisiwa hicho cha Malta. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 28, chasimulia jinsi Mtakatifu Paulo alivyofika huko akiwa mfungwa, baada ya chombo chake kuvunjika baharini. Wenyeji walimwashia moto, kwani mvua ilikuwa ikinyesha na baridi ilikuwa kali. Na baba yake mkubwa wa kisiwa alikuwa amelala, ana homa na tumbo la kuhara. Paulo akaomba, akamwekea mikono, akampona. Ndipo wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja nao wakaponywa. Tazameni: mfungwa ndiye aliyewaponya watu huru! Miaka mingi ikapita, na katika kisiwa kilekile Mungu akamweka kijana aliyekuwa mtumwa, ajifunze kuponya.

SAFARI

Mwaka 1888 masomo yalikuwa yamekwisha. Mwaka huohuo Kardinali Lavigerie alizunguka Paris, London na Brussels, akihubiri kwa nguvu juu ya ubaya wa kuuza watu. Na mwaka huohuo Atiman alitumwa ziwa Tanganyika.

Fikirini ni nini kutumwa huko. Kwa Atiman, Tanganyika ilikuwa nchi ya kigeni kama Ulaya. Hakuwa na ndugu huko, wala ukoo, wala kaburi la babu. Lugha ya kwao ya Niger haikuweza kumsaidia kitu. Ni kama kumchukua mtoto wa Kasongo na kumtuma kwa watu wa jangwani.

Tena fikirini njia yenyewe. Alishuka Zanzibar, kisha akaingia bara. Toka pwani hata ziwani ni zaidi ya kilomita 1000, na mwendo wote ulikuwa wa miguu. Mapadri Weupe wa kwanza waliopita njia hiyo waliondoka pwani mwezi wa 6 mwaka 1878, wakafika Ujiji mwezi wa kwanza mwaka 1879. Mmoja wao, Padri Pascal, alikufa njiani. Njaa, kiu, homa, mito iliyofurika, na kodi za wakubwa wa kila nchi: hayo ndiyo yaliyomngoja msafiri.

Lakini liko jambo moja ambalo halitaki kunitoka moyoni. Njia hiyo ilikuwa ndiyo njia ya watumwa. Walioikanyaga kwa wingi walikuwa wakitoka bara kwenda bahari, kamba shingoni na pembe za ndovu begani. Atiman, aliyekuwa amefungwa kama wao katika utoto wake, aliikanyaga kwa kuielekea bara. Wao walishuka wakinyang’anywa kila kitu. Yeye alipanda akichukua dawa na Injili. Ndivyo Mungu anavyofanya. Hafuti njia mbaya tu, bali huituma neema yake ipite palepale ambapo dhambi ilipita.

Mwaka 1889 Atiman akafika Karema, pwani ya mashariki ya ziwa, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Karema ilikuwa boma lililojengwa na Wabelgiji, kama Mpala lilivyokuwa boma lao upande wetu. Mwaka 1885 maboma hayo mawili yalikabidhiwa Mapadri Weupe yawe misioni. Wenzake wengine wa Malta walipelekwa katika misioni nyingine, hata ng’ambo hii ya Kongo.

MIAKA 67

Alipofika Karema, Atiman alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi. Akaoa binti wa nchi ile, aliyeitwa Agnes katika ubatizo. Akatibu, akafundisha dini. Siku kwa siku, mwaka kwa mwaka, vidonda vikaoshwa, homa zikatibiwa, wanaokufa wakafarijiwa. Hapana mengi ya kusimulia juu ya kazi ya namna hiyo, kwa kuwa leo yake hufanana na jana yake. Lakini hapo ndipo penye ukuu wake.

Serikali ya Wajerumani ikaja, ikaondoka. Vita kuu ya mwaka 1914 ikafika hata juu ya maji ya ziwa letu. Waingereza wakashika nchi. Mapadri wengi wakaja, wakazeeka, wakazikwa au wakarudi kwao. Atiman akabaki. Mtoto wake, Joseph, akapewa upadri. Fikirini neema hiyo: baba aliuzwa sokoni kama mnyama, mwana akasimama altareni kutoa sadaka ya Misa Takatifu!

Atiman alikufa mwaka 1956, mzee wa miaka karibu 90, baada ya kukaa Karema miaka 67. Kwa mahesabu ya wanadamu, alitumwa safari moja tu. Lakini hakuimaliza siku aliyotua mzigo wake Karema. Aliimaliza siku aliyofungwa sanda.

Tusidanganyane, nyumba ya Malta yenyewe haikudumu. Wanafunzi hawakuwa wengi, na mwaka 1896 ilifungwa. Mtu wa kuhesabu angesema: “Gharama nyingi, matunda machache.” Lakini mkulima hahesabu mbegu zilizoliwa na ndege, hutazama suke lililosimama. Na kwetu vilevile mavuno hayakukosa. Kijana mmoja wa upande wa Mpala, Stefano Kaoze, alisoma kwa mapadri wa misioni, na mwaka 1917 Askofu Roelens akampa upadri. Akawa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu. Waliosafiri walipanda, wenye nchi wakaota.

MAFUNDISHO MATATU

Fundisho la kwanza: ulichopewa bure si chako peke yako. Atiman alipewa uhuru, elimu na ubatizo. Hakulipa hata kimoja. Angeweza kusema: “Nimeteswa vya kutosha, sasa na mimi nistarehe.” Nani angemlaumu? Lakini mali ya Mungu ni kama moto wa jirani. Umeomba kaa moja ukawasha jiko lako. Jirani mwingine akija na kigae chake, utamwambia moto ni wako? Wako watu katika vijiji vyetu waliofundishwa kusoma na misioni bila kulipa kitu, nao leo humtoza bikizee kuku mmoja ili wamsomee barua ya mwanawe. Wako wauguzi wasiomgusa mgonjwa mpaka waione fedha. Hao wamepokea kaa la moto, wakajenga ukuta kulizunguka.

Fundisho la pili: anayetumwa na Mungu huenda kukaa na watu, si kuwatazama. Siku hizi vijana wetu husafiri kuliko zamani. Wengine huenda kusoma Lubumbashi, Kinshasa, Kampala, hata Ulaya. Wako pia wanafunzi Wakristu wa nchi nyingi wanaofunga safari kwa majuma machache wakati wa likizo, wakaenda nchi ya kigeni kujenga shule, kusaidia wagonjwa, au kufundisha watoto sala. Ni jambo jema, wala tusilidharau. Lakini kila safari ya namna hiyo ipimwe kwa kipimo cha Karema. Je, msafiri alikubali kufundishwa na wenyeji kabla ya kuwafundisha? Alifanya kazi waliyoihitaji wao, au ile iliyompendeza yeye? Alikula chakula chao na kusalimu kwa lugha yao, au alileta picha zao tu kwa rafiki zake? Safari fupi yaweza kuwa takatifu, na safari ndefu yaweza kuwa matembezi. Katika mambo hayo urefu wa njia si kitu. Kitu ni moyo unaokubali kufungwa kwa watu wasio wa ukoo wake.

Fundisho la tatu: maumivu ya zamani yaweza kuwa dawa ya wengine. Katika nchi yetu ya mashariki ya Kongo, wengi wenu mmeona vita. Wako kati yenu waliokimbia usiku wakiacha nyumba inaungua. Wako waliofiwa na wazazi bila kujua kaburi liko wapi. Sisemi ya kuwa mabaya hayo ni mema. Mabaya ni mabaya, na Mungu atawauliza waliyoyafanya. Lakini nasema hivi: aliyefungwa kamba hujua mahali inapouma, na akikubali neema, mikono yake itafungua kamba za wengine kwa upole kuliko mikono ya mtu ambaye hajafungwa kamwe. Au atashika kamba ileile na kuwafunga wengine. Njia ni hizo mbili. Atiman alichagua ya kwanza, na neema aliyopewa yeye haikuisha kwake. Ninyi nanyi mwaweza kuiomba.

Labda mtasema: “Mwalimu, sisi ni watu wa jembe. Hatutakwenda Malta, wala Tanganyika, wala Ulaya. Habari hii yatuhusu nini?” Yawahusu sana. Kijiji cha pili, ng’ambo ya mto, hakina katekista. Mle nyumbani mwa jirani yuko mzee mgonjwa wa ukoo ambao baba zenu waligombana nao juu ya shamba. Hakuna wa kwenu aliyeingia mlangoni mwake miaka mingi. Nchi hiyo ni ya kigeni kwenu kuliko Karema ilivyokuwa kwa Atiman. Kwenda Karema kulihitaji miguu. Kwenda kwa mzee yule kwahitaji moyo.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Nimeomba ubatizo kwa sababu gani? Kama misioni isingekuwa na shule wala zahanati, ningali ningeuomba?
2. Ni kitu gani nilichopewa bure, nami nakiuza au nakificha?
3. Ni nyumba gani, au kijiji gani, ambacho kwangu ni nchi ya kigeni ijapokuwa kiko karibu?

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila mkatekumeni amtembelee mgonjwa mmoja asiye wa ukoo wake. Amchotee maji, amkatie kuni, au amfagilie uwanja. Asidai kitu, wala asihubiri kwanza. Akiulizwa, “Nani amekutuma?”, ndipo ajibu.

SALA

Ee Bwana Yesu Kristu, ulitulipia sisi tuliokuwa hatuna cha kulipa, wala hukutugeuza kuwa watumwa wako. Utusaidie katika miaka hii ya kungoja, ili siku ya ubatizo wetu tukujibu kwa moyo mmoja, wenye hiari. Kila ulichotupa, utufundishe kukitoa. Uwaangalie vijana wetu waliosafiri mbali kwa ajili ya masomo: wasipotee, wala wasitusahau, wala sisi tusiwadai fedha tu. Uwaponye waliojeruhiwa katika nchi yetu, na mikono yao iliyofungwa iwe mikono ya kuponya. Mama Maria, uliyesafiri mlimani kwa haraka kumsaidia Elizabeti, utuombee ili nasi tusikawie njiani. Amina.